Ufito wa Odile

Inchi ishirini na tisa. Ndicho kipimo cha ufito
tangu nianze kukereza fimbo za biliadi hapa Calumet,
na mashine yangu inaijua mwisho wake
kama ng'ombe aijuavyo kamba.

Odile Beaudry alikuja Novemba, theluji mabegani,
nyingine viatuni, na ya viatuni hakuinama kuipangusa.
Akakaa wima, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.
Lori la maziwa lilirudi nyuma bila kutazama, alisema,
sasa kuna vyuma viwili na skurubu nane
toka kiunoni hadi chini ya mabega.
"Siinami tena, Kangas. Kwa mtu yeyote."
Akacheka. Mimi nikaangalia sakafu.

Nilitaka kuipima fimbo yake ya zamani.
"Fimbo haina kosa," akasema. "Pima hewa."
Basi nikauweka mpira mweupe mezani,
akasimama alivyoweza, akanyoosha mkono,
nikavuta utepe toka vidoleni mwake hadi mpirani,
nikajumlisha, nikajumlisha tena.
Inchi thelathini na sita.
Nikaandika ukutani kwa penseli,
nikapiga mstari chini,
kisha pembeni alama ya kuuliza.

Mti ni mepo, ule unaotobolewa theluji ikianza kuyeyuka
ukatoa maji matamu, yakachemshwa yakawa sharubati.
Nilichagua vipande vitatu, nikavidondosha sakafuni
kimoja kimoja, nisikilize:
chenye ufa husema *bu*,
kizima hulia *ti*, na mlio ukakaa kidogo.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mepo haingoji mkunjaji.
Unaukereza kidogo, unautundika darini kwa uzi,
unausahau kwa makusudi.
Desemba, nusu milimita. Februari, nusu nyingine.
Kila ganda likitoka, mti unakumbuka
upepo gani uliulea,
unageuka taratibu kuutazama.

Wa kwanza uligeuka Januari
kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.
Huo utashikilia nyanya za Aune kiangazi.

Wa pili ulikuwa mnyoofu, lakini mrefu mno kwa mashine.
Nikaupitisha kichwani mwake, ukatokea nyuma,
na nyuma ni ukuta, na ng'ambo ya ukuta ni jiko.
Nikatoboa.
Ncha ikawa inazunguka kando ya birika la kahawa.
Aune akasogeza birika.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"nilijua kazi hii ipo siku itaingia kula."
Ukatetemeka tumboni, kamba ya watoto wa kuruka,
ukakatika saa nne usiku.
Sikumwamsha mtu. Nilizima taa nikakaa.

Wa tatu niliukereza polepole hata nikaona aibu,
mkono wa kushoto ukiushika katikati
kama unavyomshika mgonjwa kiwiko.
Msasa. Msasa laini zaidi. Karatasi tupu.
Nikauviringisha juu ya kioo, nikainamisha jicho
kutafuta mwanga chini yake.
Nyuma, mbele. Nyuma.
Mwanga ulikuwa uleule, mwembamba kama uzi.

Odile alirudi Aprili. Akapaka chaki,
akasimama wima, kidevu juu, mbali na meza
kama mtu anayesoma tangazo upande wa pili wa mtaa.
Akapiga. Akakosa.
Akasema, "Usiseme kitu."
Akapiga tena, na mpira wa saba ukaondoka
bila haraka, ukatumbukia pembeni.
Hakugeuka. Alibaki anautazama ule mfuko,
na mimi nikawa na shughuli ya ghafla na kopo la gundi.

Hakuna mkoba unaoutosha urefu ule.
Aliondoka nao ndani ya bomba la maji la plastiki,
soksi zangu mbili zimeziba ncha.

Tundu la ukutani sijaliziba.
Chakula kikiwa tayari, Aune hutia mdomo pale,
anataja jina langu,
nami nageuka.