Upande Uliofifia

Mimi si fundi. Nalisema hili kwanza
kwa sababu Mama Musau wa nyumba ya pili
ameshaniletea suruali tatu za mumewe, na zipu.
Mimi nahesabu karo za shule ya masista, Katuba,
saa moja asubuhi hadi saa tisa na nusu.
Cherehani ni ya baada ya hapo:
ya mkono, nyeusi, gurudumu lake hulia kama bata,
wala haijali umeme ukikatika,
na kwetu umeme hauagi.

Wengine wana bia. Kaka yangu ana njiwa.
Mimi nina mkasi.

Pazia nililinunua Njanja, kwa uzito,
kama mtu anunuavyo samaki wakavu.
Muuzaji alisema: la zamani hili, mama, zito.
Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza,
nilikuwa nimeshalivuta, nimeshalinusa:
vumbi jekundu, moshi wa sigara,
na kitu kama nta ya sakafu.

Nikalifumua jioni tatu.
Watu hudhani raha iko katika kushona.
Raha iko hapa, wembe ukipita chini ya uzi
wa mtu usiyemjua, ti, ti, ti,
na unamsoma: pembeni alikuwa na haraka,
katikati alitulia,
pindoni alirudia mara mbili, hakujiamini.

Nilipolifua likatoa siri.
Kijani cha sombe mbichi,
na juu yake mistari iliyopauka, mipana kama kiganja,
kila mmoja mbali na mwenzake kwa kipimo kilekile.
Limeharibika, alisema kaka. Fanya dekio.
Mimi nilikuwa nimeshaona gauni.

Nikalikata mshazari, juu ya magazeti, sakafuni,
mistari ikishuka begani kwenda nyonga.
Mkono wa kushoto niliupachika kinyume.
Nikaufumua saa tano usiku.
Nikaupachika tena kinyume.
Nikalala.

Harusi ya Masengo, Kamalondo,
wanawake wote ndani ya kikwembe kimoja cha samawati,
libaya zenye mabega kama mabawa,
na mimi.
Shangazi akanishika kiunoni:
Umevaa nini hiki? Pazia, nikasema.
Acha mzaha wako, akasema, akaenda kutafuta kiti.

Lakini mzee mmoja wa upande wa bwana harusi,
Kabwita, tai yake imefungwa kama barua,
alinitazama tangu supu hadi keki.
Mwisho akaja. Akaomba radhi. Akaomba pindo.
Akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza,
akatazama nyuma yake kama atazamaye hundi.

Hili lilikuwa klabu ya mabosi, akasema,
dirisha la tatu kutoka baa.
Nilikuwa mhudumu pale miaka kumi na tisa.
Kila asubuhi nilipanga mikunjo yake kwa mkono,
bosi alitaka ilingane, alikuja na rula.
Unaona? Jua lilikula mgongo wa mkunjo tu.
Tumbo lilibaki kijani.
Mistari hii, binti, nimeichora mimi.

Sikuwa na neno. Nikamwonyesha huu wa ubavuni,
mwembamba, uliopinda, ambao nilihangaika kuuficha
chini ya kwapa.
Akautazama sana.
Huo, akasema, palikuwa na friji.

Akacheka. Nikacheka. Akarudi mezani kwake,
akanyoosha kitambaa cha meza, kilichokuwa kimenyooka.

Sasa ni Jumapili, mvua inagonga mabati,
na imebaki mita moja na robo.
Yatosha kizibao, kama tumbo lake halijanidanganya.
Mistari nitaisimamisha wima,
kila mkunjo mahali pake alipouacha.
Na ule wa friji nitauweka mbele,
upande wa moyo, karibu na vifungo.

Mama Musau, nimekusikia ukigonga.
Suruali zingoje.