Namba Ndogo Nyuma ya Boksi

Aapo anataka zenye taa.
Zinawaka zambarau, kisha kijani,
kisha rangi ya ndani ya samoni mbichi,
na mbele ya boksi, kwa wino wa dhahabu: elfu nne.
Elfu nne, shangazi, elfu nne!
Duka la Räsänen lina joto la kuyeyusha akili,
nje ni ishirini na saba chini ya sifuri,
na miwani yangu imepiga ukungu tangu mlangoni.

Nasubiri ukungu uondoke. Ndipo nageuza boksi
niisome ile namba ndogo iliyojibanza nyuma
kama mdaiwa nyuma ya pazia: kumi na tisa.

Hiyo ndiyo ya kuulizia.
Maana kumbukumbu ukiiita haiitiki papo hapo.
Huhesabu mapigo kwanza,
ndipo inyanyue mkono: hiki hapa ulichokiweka.
Hii yako inahesabu kumi na tisa.
Ile ya rafu ya chini, ya bati jeusi, isiyo na taa,
mwendo wake elfu tatu na mia mbili tu,
lakini inahesabu kumi na nne.
Nipe kalamu.

Räsänen ananipa risiti ya mtu mwingine.
Nagawanya mgongoni mwake:
ya dhahabu, tisa na nusu.
Nyeusi, nane na robo tatu.
Mwenye mbio ndiye mchelewa wa kuitika.
Aapo anaitazama risiti kana kwamba ndiyo iliyomtapeli.

Nilikaa juu ya kreni ya bandari ya Oulu
miaka ishirini na minane. Kontena halikuambii uzito wake.
Waya ndio unaosema: huanza kuimba chinichini,
sauti ya mbu ndani ya glavu,
kabla taa yoyote haijawaka.
Katika wenzangu waliosubiri taa
mmoja anatembelea mguu wa chuma.

Tumenunua nyeusi. Vijiti viwili, gigabaiti kumi na sita kila kimoja,
vya pakiti moja, maana mapacha hupatana
na vya kuokoteza hugombana ubaoni.
Aapo amevisukuma hadi vikalia ta, ta.
Saa tatu usiku ameanza kupandisha.
Volti moja nukta tatu tano. Nukta nne. Nukta nne tano.
Elfu tatu na mia sita! Na mashine imewaka,
na yeye anacheza kwa soksi kwenye zulia la jikoni.
Mbio za sakafuni, namwambia.
Anajua zinapoishia; nimemwimbia tangu ana miaka mitano.
Weka mtihani. Kalale.

Saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri
kuna mstari mmoja mwekundu.
Mmoja.
Katika mabilioni ya vyumba
vilivyojazwa, vikasomwa, vikajazwa tena,
kimoja kiliwekewa sifuri kikarudisha moja.
Hakikusita. Hakikuona haya.
Ndicho kinachonitisha. Si kusahau,
kusahau nakujua, jana funguo zangu zililala kwenye friji;
ni kujibu vibaya kwa sauti ile ile.

Simwamshi. Naketi na kahawa, feni zinavuma,
kiganja changu juu ya bati.
Nashusha hadi elfu tatu mia tano thelathini na tatu.
Mwekundu tena, kikombe cha tatu.
Nashusha. Elfu tatu mia nne sitini na sita.
Jua la Januari hapa halina papara: linafika saa nne,
linachungulia juu ya paa la jirani
kama mtu aliyekosea nyumba.
Skrini bado safi.

Aapo anaamka, nywele zote upande mmoja.
Anahesabu kwa vidole.
Shangazi, umenipotezea mia moja thelathini na nne.
Sijazipoteza. Ni ule ulegevu kidogo wa waya
ambao bandarini nililipwa kuulinda.

Anavuta kiti. Anamenya chungwa, halili.
Kisha, bila kunitazama:
taa je, huuzwa peke yake?

Huuzwa. Euro tisa.
Nilishamwuliza Räsänen.