Chewa wa Friji

Lamu haina magari mengi ya kubandikwa maneno ubavuni,
kwa hiyo stika zangu huishia kwenye ndoo,
kwenye injini za mashua, milango ya vyoo vya wageni.
Duka langu la Langoni upana wake ni mkeka:
mashine ya kukatia, roli tatu za vinili, feni mgonjwa.

Bi Somoe Shekuwe alikuja baada ya alasiri,
kutu ya friji yake ameipima kwa pindo la leso.
"Nifunikie hapa hata hapa."
Nikamfungulia picha za kale, za kuchorwa kwa mkono:
vipepeo wamechomwa pini,
makome yamepangwa kama vikombe vya harusi,
kaa katanua miguu yote kama anayepimwa nguo.
Akawapita. Kidole kikasimama kwa chewa.

Akahesabu miiba ya mgongo kwa ukucha,
kama mtu aliyezoea kuikwepa taa zikizimika.
"Kumi. Mmoja umeibwa.
Na ito hili si ito. Huyu alichorwa kesha kufa,
tena siku ya tatu."

Chini ya mkia palikuwa na herufi ndogo kama chawa:
jina la Kilatini, jina la mchoraji,
jina la aliyechonga bamba la shaba, mji, mwaka.
"Na aliyemvua?"
Nikaikuza picha hadi karatasi ikawa nyuzinyuzi.
Hayupo.
Mumewe alivua chewa miaka thelathini na miwili.
Hilo hakulisema. Nalijua kwa kuwa nilikula kwake.

Nikaongeza mwiba. Jicho nikalitia weusi na nukta ya mwanga,
yeye kanisimamia begani:
"Shusha. Shusha tena. Chewa hutazama pangoni, hatazami mbinguni."
Kilatini nikakifuta. Niandike nini mahali pake?
"Wata wazi."

Tulimbandika kwake Mkomani,
kwa maji ya sabuni na kadi ya simu iliyokwisha.
Viputo vyote vikatoka ila kimoja, chini ya shavu.
Nikachukua sindano.
Akanishika mkono.

Sasa samaki kapitiwa na ufa wa milango miwili,
kichwa juu kwa barafu, mkia chini kwa maziwa.
Mjukuu wake Lali akifuata maji baridi
chewa hukatika kiunoni,
kisha hurudi mzima kwa kishindo cha mpira.

Mia nne bado namdai.
Asema atalipa siku ule mwiba wangu
utakapomchoma mtu.