Kwa B, Tafadhali

Karani wa ardhi pale Kitgum ameinua kalamu:
"Saverio. Hilo ni la ukoo au la ubatizo?"
Nami sijui nianzie wapi.

Nianzie Navara, kaskazini mwa Uhispania,
kwenye kilima cha mawe na upepo?
Wabaski walijenga nyumba pale,
na kwa kuwa ilikuwa mpya wakaiita hivyo tu:
etxe berri, nyumba mpya.
Nyumba ikazeeka. Jina halikupewa taarifa.
Likawa ngome, likawa kijiji, likawa ukoo,
Wakastilia wakalikwaruza hadi likabaki Javier.
Mtoto wa ngome akawa padri, akapanda merikebu,
akafia kisiwani, China ikiwa mbele ya macho yake,
na watoto wa Goa, watoto wa Milano,
wakabatizwa jina la jengo wasilolijua.

Kwetu Padibe lilifika na pikipiki ya Mwitalia,
likamwagwa pamoja na maji
juu ya utosi wa babu, mwana wa Oyat, mwaka wa nzige.
Nyanya hakuwa na "v" kinywani; Kiacholi hakina.
Alimwita Saberi.
Hakujua kuwa ile "b" iliyopotea njiani karne nyingi
ilikuwa imepata pa kulala,
ulimini mwake, kando ya jiwe la kusagia simsim.

Kisha vita. Nyumba zetu saba za nyasi, asubuhi moja.
Kambini, askari wa orodha, mwenye Kiswahili cha gwaride,
alisikia vingine. Akaandika: Subiri.
Kadi ya posho ninayo bado.
*Subiri Oyat, watu tisa.*
Tukasubiri. Miaka kumi na mmoja,
paa likigusana na paa,
moshi wa jirani ukipika machoni mwetu.
Babu alifia humo, katika kibanda cha kuhesabiwa,
mtu ambaye jina lake zima lilikuwa nyumba.

Nimefyatua matofali elfu mbili na mia nne.
Mvua imekula mia. Mchwa wameshafika kukagua.
Mlango sina, ila nimeshaamua utazame wapi.

Karani anangoja. Nyuma yangu foleni inakohoa.

La ukoo, namwambia.
Andika la ukoo.
Kwa b, tafadhali.