Sensa ya Pumzi

Asubuhi halina neno. Likishapata moto ndipo linaanza:
mshale unapanda elfu moja na mia tano,
unashuka mia nne, unapanda,
kama mwenye pumu anayetafuta maneno,
na nikifika makutano ya Cheyo, nikikanyaga breki,
kimya. Taa zote za dashibodi zinanitazama.

Kamri ya baba, ya mwaka tisini.
Plagi nimebadilisha. Pampu ya mafuta nimebadilisha.
Kijana mmoja wa Kanyenye akaapa ni sensa ya oksijeni;
ikaja kwa basi kutoka Dar, elfu themanini na nauli yake.
Siku mbili gari likatulia kama bibi harusi,
ya tatu likarudia tabia.

Fundi Kalekwa wa Ng'ambo hakushika spana.
Alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili
ya kile kiboksi kinachokaa karibu na betri,
akafungua swichi bila kupiga stata.
"Hesabu wewe. Nikihesabu mimi utasema nimekuibia."

Taa ya injini ikapepesa: mbili.
Ikameza mate.
Tano.

"Ishirini na tano. Hewa nyingi, mafuta machache.
Sensa yako mpya haikukosea. Hata ya zamani haikukosea.
Zinasema kweli, nanyi mnazifukuza kazi."

Kisha akanionyesha, kwa kidole chenye grisi,
kimlango kilichokaa baada ya chujio:
"Huyu ndiye karani. Kila pumzi inayoingia anaiandika,
na mafuta yanagawiwa kwa hesabu yake.
Sasa kuna pumzi imepitia mlango wa uani.
Haikuandikwa. Lakini imo, na inakula."

Havuti. Ila kwenye kopo la nati ana jani la tumbaku ya Urambo,
amelisokota kwa kazi hii tu.
Aliliwasha, injini ikitetemeka,
moshi ukatambaa juu ya mipira bila haraka,
mpaka nyuma kabisa, pale jicho halifiki,
ukapinda shingo, ukaingia ndani
kama mtu aliyesikia jina lake.

Usiku ule karani wa sensa alikaa kiti cha baba,
kishikwambi magotini.
Baba alikuwa kitandani na presha; mimi ndiye niliyejibu.
Wangapi walilala hapa?
Wanne, nikasema.
Milembe alikuwa stoo, kati ya mpunga na madumu ya asali,
mtoto wa baba, wa yule mama wa Sikonge tusiyemtaja.
Alisikia. Ukuta ule ni wa mbao.
Hakukohoa.
Asubuhi alituchemshia chai, vikombe vinne.

Miaka mingapi nyumba ile ilipanda na kushuka,
mama akilia sufuria ikidondoka tu,
baba akizimika katikati ya sentensi,
nasi tunabadilisha: dawa, mganga, shehe,
rangi ya sebule.

"Umelala?" Kalekwa aliniuliza. "Shika tochi."
Alikata tyubu ya baiskeli, akaizungusha mara tatu juu ya ufa.
"Hii ni ya kukufikisha. Mpira mpya utafute mwenyewe."
Mshale ukashuka, ukasita, ukakaa mia saba na hamsini.
Akasimamisha sarafu ya mia mbili juu ya kifuniko cha injini,
wima.
Wanagenzi wake wakaitazama kidogo,
kisha wakarudi kwenye karata zao.

Elfu saba. Na ile sarafu akaitia mfukoni mwake.

Makutano ya Cheyo. Breki. Halizimi.
Kulia ni nyumbani. Kushoto ni Isevya,
ambako mtu fulani anakaanga vitumbua
na ana simu ambayo sijawahi kuomba namba yake.
Injini inapumua taratibu, hata saa ya dashibodi naisikia.
Nyuma yangu lori la tumbaku linapiga honi.
Linapiga tena.