Mtoto wa Jiwe

Tulishuka Nyanguge, tukachukua bodaboda mbili,
mama mbele, mimi nyuma nikiifuata kanga yake
ikipepea kama bendera.
Bendera yenyewe tuliikuta kwenye kamba ya nguo:
Masunga, mlinzi, alikuwa ameifua,
maana wageni wa wizara wangekuja Ijumaa.

Bustani ndogo. Ukipiga chafya langoni
wakuitikia kule nyuma, penye choo chenye kufuli.
Mishubiri mitatu, mawe yaliyopakwa chokaa,
sanamu ya saruji iliyozibwa pua upya,
na pimbi mmoja juu ya jabali
akitutazama kama karani wa mapokezi.

Kiingilio elfu mbili. Mama akauliza
kama kuna bei ya waliozaliwa mwaka ule ule.
Masunga akacheka, akakata risiti mbili.

"Hapa ndipo alipozaliwa Rais," akasema,
akinyooshea kidole nyumba ya udongo
mpya kuliko viatu vyangu.
Ile ya zamani ilianguka mwaka wa mvua nyingi.
Na hata hiyo, akaongeza kwa sauti ya chini,
haikuwa hapa; ilikuwa pale, penye mihogo ya watu,
ila gari la mgeni rasmi lisingefika.

Ndani: kitanda cha kamba, kibuyu, taa ya chemli,
picha ya Mheshimiwa akishikana mikono na watu warefu.
Kwenye kona, juu ya meza,
jiwe la kusagia, na kibao:
LILITUMIWA NA MAMA MZAZI WA RAIS.
USIGUSE.

Mama akagusa.

"Mtoto wake yuko wapi?"

Masunga akajiweka sawa,
mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua:
"Mtoto wake ndiye Mheshimiwa, bibi.
Alisoma shule ya misheni, akavuka ziwa, akaenda..."

"Simwulizii huyo. Mtoto wa jiwe.
Lile dogo la mkononi. Hili peke yake lilisaga nini?"

Masunga akatazama kibao, kana kwamba kingemsaidia.
Alipoanza kazi alilikuta hivyo hivyo, akakiri.
Hakujua kuwa lina mtoto.

"Na jiwe halikai mezani. Lishushe."
Akatazama mlango. Akalishusha.

Magoti yale ya miaka sabini na tatu,
yaliyotulazimisha tukodi bodaboda,
yakakunjika bila lalamiko.
Akapitisha viganja katika bonde la jiwe,
akaenda, akarudi,
akaenda, akarudi,
mabega yakikumbuka
kitu ambacho mdomo haukuwahi kunisimulia.

"Alikuwa mashoto," akasema.
"Ona lilivyolika. Upande huu mtama umepita zaidi.
Na alikuwa mfupi, hakufika mwisho wa jiwe.
Na hapa..."
kidole kikasimama penye ukingo uliomeguka,
kikakaa,
kikaondoka bila kutwambia.

Masunga akatoa kalamu ya risiti,
akaandika mgongoni mwa kitabu: mashoto. mfupi.
"Na jina lake, bibi? Kibao hakina."
"Nitalijuaje? Mimi wa Ukerewe.
Wewe ndiye mwenye funguo."

Njiani alinunua furu wakavu,
akagombana bei mpaka muuzaji akamwita mama.
Habari za Rais hakuzitaja.

Usiku, Mabatini, upepo wa ziwa ukapanda mlima.
Mlango wa jiko ukagonga mara moja
kwenye jiwe letu, lile la kuuzuia,
ambalo nimelipiga teke tangu utoto
na kulilaani kwa kucha zangu mbili.
Nikachuchumaa, nikaligeuza.
Mende wakatawanyika.
Chini yake, bonde refu, laini, limeshika vumbi.
Nikaweka kiganja. Kikaenea.

"Liache hilo," mama akasema bila kugeuka,
"mlango utagonga."