Turubai

Halikunishinda siku lilipozima njia ya Likasi,
saa nane mchana, malori ya madini yakinipita,
yakinimwagia vumbi jekundu kichwani kama ubatizo.
Wala siku ya harusi ya Mujinga,
bibi harusi alipoteremka kwenye mzunguko wa posta,
akashika viatu mkononi, akakunja shela,
akatembea mpaka kanisani bila kugeuka nyuma.
Nilibaki na boneti wazi, napuliza mrija wa petroli,
tai imetumbukia kwenye oili.
Nilisema: ni plagi tu.

Miaka kumi na mmoja nimesema ni plagi tu.

Nililinunua kwa mjane wa Mgiriki mwoka mikate,
pesa ya kuachishwa kazi ikiwa bado na joto la bahasha.
Alfa, viti viwili, paa la kukunja,
wekundu wake umekwisha kufanana na barabara za Katuba.
Mama Odile aliuliza swali moja:
"Watoto watano watakaa wapi?"
Nikamwambia, sikiliza mlio wake.
Akasikiliza. Akarudi ndani kusonga bukari.

Na mlio ulikuwapo, msiniambie haukuwapo.
Jumapili moja ya mwezi wa tano, baridi imeanza,
barabara ya Kipushi tupu, nyeupe kwa jua,
gia ya nne ikaingia bila kubishana,
nami nikawa na miaka ishirini, sina deni, sina mgongo.
Kilomita thelathini.
Nazihesabu hadi leo
kama mzee ahesabuye meno aliyobakiza.

Kwingine kote ni Fundi Monga.
Monga na tochi yake kinywani, chini ya tumbo la gari,
miguu nje, kandambili moja buluu, moja kijani.
Kabureta ya Lusaka. Pampu ya Dar.
Gaskiti aliyoikata mwenyewe kwa mkasi
kutoka katoni ya maziwa ya unga,
ikadumu kuliko ile iliyotoka Ulaya.
Watoto wake wawili wamesomeshwa na gari langu;
mmoja sasa ni muuguzi. Hilo silijutii.

Jumanne iliyopita liliwaka mara ya kwanza.
Ufunguo, robo mzunguko, likanguruma.
Nikajikuta nimeinamisha kichwa juu ya usukani
nasema asante, asante,
kama mke wa mlevi anayeshukuru
kwamba leo mume amerudi na viatu vyote viwili.
Hapo ndipo nilipojisikia.
Nikazima.
Nikakaa kidogo, injini inapoa, tik, tik,
kama mtu anayetafuta la kujitetea.
Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga;
lakini wao hawakuwahi kupanda mti wa chuma.

Amelichukua Chabu, kijana wa Bel-Air muuza simu.
Nilimwambia kila kitu: breki,
waya zinazonyonya betri usiku,
mlango wa kushoto unaotaka kuinuliwa kwanza
ndipo uvutwe, na kwa upole.
Nikaona macho yake. Hakusikia hata neno.
Alikuwa anasikiliza mlio.
Nikampa na namba ya Monga.

Usiku wa jana mvua ya kwanza
ilikuja kutoka upande wa bomba la moshi la kiwanda,
ikipiga mabati mtaa kwa mtaa, ikikaribia.
Niliruka kitandani kama kawaida,
turubai mkononi, miguu mitupu, nikafika uani,
nikasimama.
Pale palikuwa na mstatili wa udongo uliopauka
ukigeuka mweusi nukta kwa nukta,
na doa la oili, katikati, likifungua rangi zake zote
kwa ajili ya nani sijui.

"Funika makala!" Mama Odile akapaza sauti dirishani.

Nikafunika makala.